Laptopu ya steshenari, RAM ya GB 4: nianze na meneja gani wa madirisha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, nasimamia steshenari ya shangazi yangu hapa Nyegezi, Mwanza. Tunachapa, tunatoa kopi, tunajazia watu fomu za mtandaoni. Laptopu ya kazi ni ya mtumba, ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani ile ya kuzunguka. Fundi alituwekea Debian 12, aina mojawapo ya Linux, yenye GNOME. Inafanya kazi, ila ni nzito. Nimeipenda Unix na nataka kujifunza kwa dhati. Kijana mmoja anayesoma chuo hapa Malimbe ananiambia nifute GNOME niweke i3, eti bila hivyo sitaijua Unix. Mwingine ananiambia Openbox, mwingine dwm. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Nichague ipi? Naogopa kuharibu mafaili ya wateja. Na kama siku za mbele nikitaka kujaribu FreeBSD, ule mfumo mwingine wa jamii ya Unix, haya nitakayojifunza yatanifaa huko?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Weka Xfce kwa kazi za duka. Pembeni yake weka IceWM kwa mazoezi ya jioni. i3 iache mpaka uone mwenyewe kwamba muda wako mwingi unaupitisha kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. GNOME usiifute kwa sasa. Wote hao wanakaa kwenye mashine moja bila kugombana, na kila unapoingia unachagua unayemtaka, kwa hiyo huna haja ya kuumiza kichwa kana kwamba unachagua mara moja kwa maisha yote.

Sasa tuanzie chini kidogo, maana naona waliokushauri wamekuchanganyia vitu viwili tofauti.

Kwenye Unix, yaani jamii ya mifumo ya kompyuta ambamo Linux na FreeBSD zimo, programu inayochora vitu kwenye kioo ni moja, na inayoamua dirisha likae wapi ni nyingine. Mfumo wa kuchora unaitwa X. Ulianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11, ambalo ndilo tunalotumia hadi leo, lilitoka 1987. Walioutengeneza waliamua kwa makusudi kwamba X isijiingize kwenye sura ya madirisha. Kazi yake ni kuchora na kupokea vibonyezo vya kibodi na mausi, basi. Fremu ya dirisha, kitufe cha kufungia, kulisogeza, kulikuza, kulificha, kuamua lipi liwe mbele, hayo yote yameachiwa programu ya kawaida unayoiendesha wewe mtumiaji, sawa na unavyoendesha kikokotoo. Programu hiyo ndiyo meneja wa madirisha. Na kwa kuwa ni programu ya kawaida, yeyote anayejua kuandika programu anaweza kutengeneza ya kwake. Tom LaStrange aliandika twm mwaka 1987, Robert Nation akaichukua akaigeuza kuwa FVWM mwaka 1993, na baada ya hapo wakatokea wengine wengi, kila mmoja na mawazo yake. Ndiyo maana ukiuliza watu watatu unapata majina matatu.

GNOME ni kitu kipana zaidi. Ni deskitopu kamili: ndani yake yumo meneja wa madirisha, anaitwa Mutter, lakini yumo pia msimamizi wa mtandao, wa sauti, wa betri, wa flashi, wa kufunga kioo, wa arifa na wa mafaili. Xfce, ambayo Olivier Fourdan aliianzisha mwaka 1996, nayo ni deskitopu kamili, na meneja wake anaitwa xfwm4. Lakini i3, dwm na Openbox ni mameneja wa madirisha peke yao. Kwa hiyo kijana wa Malimbe anapokwambia ufute GNOME uweke i3, anakutaka uondoe shughuli kama kumi na urudishe moja. Hizo tisa zilizobaki utazitafuta wewe, moja moja, siku utakayozihitaji.

Chukua jambo unalolifanya kutwa. Mwanafunzi anaingia dukani na flashi, anataka kuchapa taarifa yake ya fildi, nyuma yake wamesimama wengine watatu. Kwenye Xfce unachomeka flashi, inajitokeza upande wa kushoto wa Thunar, ambayo ndiyo programu yake ya mafaili. Unaibofya, unafungua faili, unachapa, unabofya alama ya kuitoa, unasubiri ikuruhusu, unachomoa. Kwenye i3 mpya ambayo hujaiandaa, unachomeka flashi na kioo kinakutazama tu. Hakuna kilichoharibika. Kernel, yaani kiini cha mfumo, imeiona flashi, ila hakuna programu iliyopewa jukumu la kuifungua. Unafungua terminali, unaandika lsblk, unasoma orodha ya diski na kugundua flashi ni sdb1, kisha unaandika udisksctl mount -b /dev/sdb1, na unajibiwa kwamba mafaili yako chini ya /media. Ukimaliza unaandika udisksctl unmount -b /dev/sdb1 kabla ya kuichomoa, kwa sababu Linux huweza kuwa bado haijamaliza kuandika kwenye flashi hata kama kioo kimetulia.

Amri hizo nataka uzijue, na ninakusihi uzijaribu jioni duka likitulia. Utaelewa diski inavyoingia kwenye mti wa mafaili wa Unix kuliko ukisoma kurasa ishirini. Lakini saa nne asubuhi, foleni ikiwa mlangoni, si wakati wa kujifunza. Mteja hajali meneja wako ni nani, anataka karatasi yake. Na shangazi yako, au yeyote atakayekushikia duka ukienda mjini, lazima aweze kuitumia mashine hiyo bila kukupigia simu.

Mtandao ni hivyo hivyo. Kwenye Xfce unabofya alama ya Wi-Fi, unachagua simu yako iliyowasha hotspoti, unaandika nenosiri. Kwenye meneja mtupu unaandika nmtui kwenye terminali. Si vigumu, ila lazima uwe umeshalisikia jina hilo, na huwezi kulitafuta mtandaoni wakati mtandao wenyewe ndio unaoutafuta. Betri nayo: mstari wa chini wa i3 unakuonyesha asilimia, lakini kwa mipangilio ya mwanzo hakuna atakayekushtua inapokaribia kwisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya mteja, utapenda kuwa na kitu kinachokuonya.

Sasa uzito, ambao nadhani ndio uliokusukuma kuniandikia. Wengi hubadilisha meneja wa madirisha wakitarajia mashine ipepee. Pima mwenyewe ujionee. Ingia GNOME, usifungue kitu, fungua terminali tu na uandike free -h. Tazama safu ya available, hiyo ndiyo kumbukumbu unayoweza kuitumia. Safu ya free isikutishe kwa udogo wake: Linux hutumia RAM iliyolala kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia papo hapo programu inapoihitaji. Andika namba hiyo kwenye daftari. Siku utakapokuwa na Xfce, rudia kipimo kile kile. Kwa kawaida GNOME ya Debian 12 inakuwa imeshika GB 1 au zaidi kabla hujafanya lolote, na Xfce karibu nusu ya hapo. Kwa RAM ya GB 4, hiyo ni nafuu ya kweli na inatosha kabisa kukuhamisha.

Halafu endelea. Ukiwa ndani ya Xfce fungua Firefox, weka WhatsApp ya mtandaoni, barua pepe na ukurasa mmoja wa kujazia fomu, kisha pima tena. Utaona kivinjari kimekula kuliko Xfce nzima. Mameneja wenyewe, xfwm4, i3, IceWM au Openbox, kila mmoja anashika megabaiti chache au makumi yake. Tofauti kati yao unaweza kuipoteza kwa kufungua ukurasa mmoja tu wa habari. Kwa hiyo kutoka GNOME kwenda Xfce utasikia mabadiliko. Kutoka Xfce kwenda i3, kwa upande wa RAM, utasikia kidogo sana. Anayekuahidi tofauti kubwa hapo hajapima.

Na ile hali ya kusubiri asubuhi mashine inapowaka, au LibreOffice inapofunguka kwa mara ya kwanza, inatokana zaidi na diski. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachotembea kutafuta mafaili, na mfumo unapowaka unasoma mafaili madogo maelfu yaliyotawanyika. Shangazi akipata nafasi, mwambie anunue SSD, diski isiyozunguka, hata ile ndogo ya GB 120 au 240. Hiyo itabadilisha mashine yenu kuliko meneja yeyote ninayeweza kukutajia. Kabla ya fundi kuibadilisha, nakilini mafaili yote ya duka pembeni.

Turudi kwenye kuweka Xfce. Amri ni sudo apt install task-xfce-desktop: sudo inakupa mamlaka ya msimamizi, na apt ndiyo inayopakua na kuweka programu. Ukiambiwa humo kwenye orodha ya sudoers, andika su - uingie kama root, msimamizi mkuu wa mashine, kisha rudia amri bila sudo. Kabla haijaanza kupakua, apt itakuonyesha ni megabaiti ngapi zinahitajika na kukuuliza kama uendelee. Usome mstari huo, ni bando lako. Ukiona ni kubwa kwa bando la mchana, jibu n, na usiku bando likiwa nafuu tumia amri ile ile ukiiongezea --download-only. Itapakua bila kuweka. Kesho yake unaiendesha bila nyongeza hiyo, nayo itatumia ilichokwisha kupakua.

Katikati ya kazi itatokea ubao wa maandishi ukikuuliza utumie gdm3 au lightdm. Hizo ni programu za ukurasa wa kuingilia, pale unapoandika nenosiri. Chagua lightdm, ni nyepesi zaidi. Ukishawasha mashine upya, angalia pembe ya juu kulia ya ukurasa huo kabla ya kuandika nenosiri: kuna alama ndogo ya kuchagua sesheni. Humo utaikuta Xfce na GNOME. Alama hiyo ndiyo mlango wako wa kwenda na kurudi. Kila meneja utakayemweka baadaye atajiorodhesha hapo mwenyewe.

Ukishazoea, kuna jaribio moja ambalo natamani kila anayeanza Unix alifanye, kwa sababu linakuonyesha kwa macho yale niliyokueleza juu ya X. Weka IceWM kwa sudo apt install icewm. Ingia Xfce, fungua Thunar na programu nyingine mbili, zipange zionekane, kisha kwenye terminali andika icewm --replace & na ubonyeze Enter. Kioo kitapepesa. Fremu za madirisha zitabadilika sura na rangi, vitufe vya kufungia vitakuwa vingine, na mwambaa wa IceWM utajitokeza. Lakini programu zako zipo, maandishi uliyokuwa unaandika yapo, hakuna kilichofungwa. Umemwondoa meneja mmoja na kumweka mwingine huku kazi ikiendelea. Kurudi, andika xfwm4 --replace & kwenye terminali hiyo hiyo. Terminali usiifunge katikati ya jaribio, kwa kuwa meneja uliyemwasha kutoka humo anaweza kuondoka nayo. Ukimaliza, toka kwenye sesheni na uingie upya, na pale kwenye dirisha la kutokea hakikisha hakuna tiki kwenye sehemu ya kuhifadhi sesheni, usije ukaanza kesho na mchanganyiko wa wote wawili.

Jaribio hili linafanyika kwenye X tu. GNOME ya Debian hutumia Wayland, mfumo mpya zaidi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, na humo anayechora na anayepanga madirisha wameunganishwa kuwa programu moja. Ukimtoa huyo, umetoa kila kitu. Wayland ina faida zake, hasa kwenye usalama, kwa sababu programu moja haiwezi kuchungulia kirahisi yanayoandikwa kwenye nyingine. Lakini kwa anayetaka kuelewa vipande vinavyoungana, X inakuruhusu kuvishika kimoja kimoja.

Kwa nini IceWM na siyo Openbox kwa mazoezi? IceWM, iliyoanzishwa na Marko Maček mwaka 1997, inakuja na mwambaa wake, menyu yake ya kuanzia, saa, na orodha ya madirisha yaliyofunguka. Aliyetumia Windows ya zamani haulizi kitu. Muhimu kwangu ni kwamba mipangilio yake yote ni mafaili ya maandishi ndani ya folda ~/.icewm, kila moja na kazi yake: keys kwa mikato ya kibodi, menu kwa menyu, preferences kwa tabia, startup kwa vitu vya kuwasha mwanzo. Unataka Ctrl, Alt na t zikufungulie terminali? Unaandika mstari mmoja kwenye keys: key "Alt+Ctrl+t" xfce4-terminal. Unamwambia IceWM ajiwashe upya kutoka kwenye menyu, unajaribu. Ikigoma, unarudi kusoma mstari wako, unakuta umesahau alama ya kufunga. Hiyo ndiyo Unix yenyewe: faili la maandishi, badiliko moja, jaribio, kusoma tena. Hapo hapo unajifunza kwamba jina linaloanza na nukta hujificha mpaka uandike ls -a, kwamba ~ ni folda yako ya nyumbani, na kwamba faili la startup halifanyi kazi mpaka ulipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Openbox ni nzuri, nyepesi na imara, ila haina mwambaa, na mipangilio yake imeandikwa kwa XML, maandishi yenye mabano mengi yanayomchosha anayeanza.

dwm nitaipitia haraka. Waandishi wake wamejiwekea kwamba msimbo wake usizidi mistari 2000, na kuibadilisha maana yake ni kuhariri faili la lugha ya C na kuijenga programu upya. Ukifika kujifunza C, ifungue uisome, ni darasa zuri sana. Kwa sasa iache.

i3 inastahili maneno zaidi, kwa sababu rafiki yako anaipenda na ana sababu. Michael Stapelberg aliianzisha mwaka 2009. Ni meneja wa kugawa kioo: madirisha hayalaliani, kila jipya linapewa sehemu yake na yaliyopo yanasogea kulipisha. Ukiwa na terminali mbili na kivinjari, vyote unaviona kwa pamoja bila kugusa mausi. Kwa mtu anayeshinda kwenye seva, anayeandika msimbo upande mmoja na kusoma makosa upande mwingine, ni raha kubwa, na mikono ikishazoea hairudi nyuma. Kazi yako ya sasa lakini ni barua moja ya LibreOffice inayotaka kioo kizima, picha ya pasipoti ya kukatwa kwa mausi, na fomu ya mtandaoni yenye safu nyingi. Ukiigawa skrini ya laptopu ndogo mara tatu, fomu inabanwa mpaka huoni vitufe vyake.

Na madai kwamba bila i3 hutaijua Unix si ya kweli. Unix iko kwenye amri, mafaili, ruhusa, michakato, na namna ya kuunganisha programu ndogo kufanya kazi kubwa. Terminali ya Xfce inafungua shelli, programu inayopokea amri zako, ile ile inayofunguliwa na i3. Zoea kuandika man mbele ya jina la amri usome maelezo yake, / kutafuta neno ndani yake na q kutoka, utakuwa umeshika ufunguo mkubwa kuliko meneja yeyote.

Utajua i3 imekufaa siku utakapojikuta unakereka kuacha kibodi ili ushike mausi. Siku hiyo andika sudo apt install i3, na usiondoe vinavyopendekezwa pamoja nayo, kwa sababu kifungulia programu, mstari wa taarifa na kifunga kioo viko miongoni mwake. Ukiingia mara ya kwanza itakuuliza kama ikutengenezee faili la mipangilio, kubali, kisha itakuuliza ufunguo mkuu, chagua ule wenye alama ya Windows. Baada ya hapo kioo ni kitupu na watu wengi hupigwa na bumbuwazi. Shika ufunguo mkuu na Enter kupata terminali, ufunguo mkuu na d kufungua programu kwa jina, ufunguo mkuu na namba kuhama ukumbi (eneo jingine la madirisha), ongeza Shift na q kufunga dirisha, Shift na e kutoka. Ziandike kwenye karatasi uibandike chini ya kioo. Hizo zinatosha kuanzia.

Umesema unaogopa kuharibu mafaili ya wateja, na hofu hiyo ni ya busara. Dawa yake Unix imekuwa nayo tangu zamani: tengeneza mtumiaji mwingine. Andika sudo adduser mazoezi, mpe nenosiri lake. Mipangilio yote ya IceWM, i3 na wengineo inakaa ndani ya folda ya nyumbani ya kila mtumiaji, kwa hiyo ukivuruga ukiwa mazoezi, akaunti ya duka haiguswi. Ukivuruga kiasi cha kushindwa kuingia, unaifuta akaunti ya mazoezi na kutengeneza nyingine. Usimpe mazoezi haki ya sudo. Vitu vipya viweke ukiwa kwenye akaunti ya duka, kisha hamia mazoezi kuvijaribu.

Pia jifunze mlango wa dharura kabla hujauhitaji. Kioo kikigoma kabisa, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, kwenye laptopu nyingine utahitaji kuongeza Fn. Utapata ukurasa mweusi wa kuandika jina na nenosiri. Ingia kwa akaunti ya duka, andika sudo systemctl restart lightdm, na ukurasa wa kuingilia utarudi. Amri hiyo inafunga kila kilichokuwa wazi kwenye upande wa picha, kwa hiyo iwe ya mwisho. Kama ulifika huko kwa bahati mbaya, Ctrl, Alt na F7 kwa kawaida zitakurudisha ulikotoka. Jaribu kwenda na kurudi leo, mashine ikiwa nzima.

Kuhusu FreeBSD: utakachojifunza kinakwenda nacho. Tofauti utakayoiona mapema ni kwamba FreeBSD ikishawekwa kwa kawaida inakupa maandishi tu, na upande wa picha unauweka mwenyewe. Unaandika pkg install xorg xfce, unaweka mstari exec startxfce4 kwenye faili la ~/.xinitrc, unaandika startx. Kabla ya hapo itabidi umwingize mtumiaji wako kwenye kundi la video na uweke dereva ya kadi ya picha kutoka kwenye kifurushi cha drm-kmod. Ukishafika kwenye kioo, ni Xfce ile ile, na folda ya ~/.icewm uliyoiandika Nyegezi ukiinakili huko inasomeka ilivyo, ilimradi programu ulizozitaja ndani yake umeziweka. OpenBSD, ndugu yake FreeBSD, nayo ina X yake ndani ya mfumo wenyewe, pamoja na FVWM, twm na cwm, na kwa anayependa usafi wa nyaraka ni mahali pazuri pa kusomea.

Ila FreeBSD usiiweke kwenye laptopu ya duka. Tafuta mashine nyingine ya mtumba, hata yenye kioo kilichochoka, na kabla ya kulipa muulize muuzaji au angalia mwenyewe chipu ya Wi-Fi ni ya aina gani, kisha linganisha na orodha ya vifaa ambavyo FreeBSD inavikubali. Hapo ndipo laptopu nyingi hugomea, na kebo ya mtandao sidhani kama unayo dukani.